Divai ya Bei ya Kutupa

Handeni, Jumatatu, 3 Juni 2024

Miaka hamsini na miwili na mwezi mmoja tangu nivuke mto Malagarasi. Nahesabu kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kwenye benchi la kliniki ya presha Korogwe. Pale hakuna kingine cha kuhesabu ila feni, na feni ni moja.

Presha imepanda. Nesi kanikaripia habari ya chumvi. Nimeahidi, kama nilivyoahidi mwezi jana.

Gari la kurudi Handeni lilikuwa halijajaa. Nikaenda kwa Kanti kununua betri za redio. Kanti ni Mhindi mwenye duka karibu na soko, duka la babu yake. Tunajuana tangu nikiwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, njia ya Kwashemshi. Nilikuwa nachukua kwake madaftari ya ofisi. Ananiita mwalimu. Sijawahi kufundisha mtu. Ni miwani tu.

Chini, pembeni ya mifuko ya chumvi, makreti matatu ya chupa nyeusi zenye vumbi. Juu yake kipande cha boksi, mwandiko wa Kanti: ZA ZAMANI. BEI YA KUTUPA. 9,000.

Niliinama kwa udadisi. Nikasoma lebo. Divai nyekundu ya Ufaransa, bonde la Cahors. Mwaka 2015. Imetiwa chupani palepale shambani ilikovunwa.

Nikashika rafu. Kanti akauliza kama ni presha. Nikasema ndiyo, ni presha.

Divai ya Dodoma, dukani humohumo, ni elfu kumi na tano. Hii imetoka Ufaransa, ina miaka tisa, na bei yake iko chini ya hiyo. Nimenunua moja. Nimeifunga kwenye gazeti, nikaitia chini kabisa ya mfuko, betri juu. Niliogopa kama mtu aliyeiba.

Jumanne, 4 Juni

Chupa iko chumba cha nyuma, ndani ya mtungi wa mchanga mbichi. Handeni hakuna baridi. Mchanga mbichi ndiyo ghala langu. Mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Majirani zangu ni Waislamu, watu wema. Hawajawahi kuniuliza nakunywa nini. Si wao ninaowaogopa.

Naogopa lebo. Nimeisoma mara nne. Mara ya nne nilisoma kwa sauti, kisha nikanyamaza kusikiliza kama kuna mtu nje. Kuku tu.

Niandike mara moja, ili daftari hili lijue. Hapa mimi ni Muha wa Kigoma. Kitambulisho changu kinasema hivyo. Marehemu mke wangu, Mzigua wa hapahapa, ndiye pekee aliyejua kuwa si kweli, na ni miaka sita sasa tangu tumzike. Nilizaliwa Gitega, Burundi. Nilikuwa seminari ndogo, msaidizi wa ghala la divai la Padre Anselmi, Mfaransa. Mwaka 1972 askari walikuja na orodha, wakasoma majina uani. Mimi nilikuwa ghalani, nageuza chupa. Mwaka ule kujua kusoma Kifaransa kulitosha mtu auawe. Wote walioitwa walijua kusoma.

Tangu siku hiyo sijasoma neno la Kifaransa mbele ya mtu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeifungua. Sina kifungulio. Nilizungusha skrubu kwenye kizibo, nikavuta kwa koleo. Kikatoka kizima, kirefu, kimeingia rangi kwenye ncha tu. Dalili njema. Kizibo kilicholowa mpaka juu ni habari mbaya.

Nilimimina kwenye bilauri, nikaiacha saa nzima. Padre alikuwa mkali kwa hilo. Divai iliyofungiwa miaka mingi inataka hewa kwanza.

Rangi: zambarau zilizoiva hadi kupasuka. Harufu: zambarau hizohizo, tumbaku kavu, udongo wa mvua ya kwanza. Ulimini kuna ukakasi, ila umelainika, kama wa chai nzito iliyoachwa ikapoa. Hakuna siki. Nilimeza, nikahesabu hadi ishirini, na bado ilikuwapo mdomoni.

Padre Anselmi alikuwa na nadhiri ya ufukara na mapenzi ya divai, kwa hiyo alijua thamani kuliko tajiri yeyote. Alitufundisha kutolipia jina. Majina makubwa, alisema, hununuliwa na watu wasioonja. Tafuta bonde ambalo halijatangazwa sana. Tafuta mkulima anayetia chupani mwenyewe, maana hamuuzii mtu wa kuja kuchanganya. Tafuta mwaka uliokuwa na jua. Chupa hii ina yote matatu. Tangu nitoke kwetu nimekunywa divai labda mara thelathini, nyingi mbaya, nyingine zilizonigharimu zaidi ya uwezo wangu. Hii imezipita zote. Shilingi elfu tisa.

Nilikunywa bilauri moja, na nyama ya mbuzi ya kuchemsha. Nililia kidogo. Kisha nikaogopa. Kitu kizuri hivi kwa bei hii, kuna jambo nyuma yake.

Alhamisi, 13 Juni

Korogwe tena, bila kliniki. Nilijiambia nakwenda kununua mafuta ya taa. Mafuta ya taa yapo Handeni.

Nimepata majibu. Kanti alizichukua chupa hizi mwezi uliopita kutoka nyumba ya wageni huko juu milimani, upande wa Lushoto, ilipofungwa. Alichukua pamoja na sahani na mablanketi. Kumbe zilikaa miaka yote kwenye baridi. Ndiyo maana hazijaharibika.

Bei nayo ina sababu. Nilimuuliza kama mzaha. Akaweka kidole juu ya namba 2015.

"Imepitwa na muda miaka tisa, mwalimu. Mimi sidanganyi mtu, nimeandika za zamani. Wewe loweka nyama tu. Ukiumwa tumbo, usinitaje."

Akacheka sana. Kanti hali nyama wala hanywi. Kwake mwaka ulioandikwa kwenye chupa ni uleule wa kwenye mtindi na dawa ya kikohozi. Hakuna tarehe nyingine kwenye lebo, basi hiyo ndiyo ya mwisho.

Ilinipasa kumwambia palepale. Huo ni mwaka zabibu zilipochumwa. Divai ya namna hii haiandikwi siku ya kuisha. Sentensi mbili. Lakini hizo zingezaa swali, umejuaje? Na zingezaa bei mpya. Nilinyamaza kwa sababu zote mbili, na sijui ipi ilikuwa kubwa.

Nilinunua tatu. Moja alishauziwa mchoma nyama wa stendi, kwa ajili ya kulowekea kweli. Zimebaki thelathini na moja. Nilizihesabu kwa macho huku Kanti akinirudishia chenji.

Najiona mdogo leo. Pia nimefurahi. Havikai vizuri pamoja.

Jumatatu, 17 Juni. Idd el-Hajj

Saidi, mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzigua kama marehemu mke wangu, kanialika kula, kama kila Idd. Pilau ya ng'ombe, kachumbari, watu wengi mkekani. Na utani wake uleule mbele ya wageni.

"Huyu manamba tulimleta kukata mkonge, akatukatia na binti yetu."

Mimi hujibu kuwa mkonge una miiba michache kuliko wakwe. Watu hucheka. Utani wa miaka arobaini. Manamba ni wale vibarua wa zamani walioletwa kutoka Kigoma kuja mashamba ya Tanga. Utani wote umesimama juu ya Kigoma.

Wakati wa kunawa akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba mwezi huu maofisa wa uhamiaji watapita mitaani. Wanahakiki wazee wasio na cheti cha kuzaliwa. Akanipiga bega. Nisijali, Kigoma haijahama. Wakacheka tena.

Nilikunywa maji mengi. Nikaaga mapema, nikasingizia presha. Presha inanisaidia sana siku hizi.

Jumatano, 19 Juni

Usingizi mbovu siku mbili.

Nimebandua lebo za chupa zote kwa maji ya moto. Nilitaka kuzichoma. Sikuweza. Nimezitia ndani ya kamusi.

Mama Hadija, jirani, anauza asali. Aliomba chupa tupu, nikampa ile niliyomaliza, nimeiosha mara tatu. Wauza asali wanazipenda chupa nzito zenye kitako kilichobonyea. Alipoondoka nikaingiwa na hofu hata ya ile chupa. Nikawaza nikaidai. Nitasema nini? Mama wa watu anauza asali tu. Nimekuwa mjinga.

Kila pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, nasimama.

Jumamosi, 22 Juni

Kanti kapiga simu. Sauti haikuwa yake.

Jana afisa afya wa wilaya alipita kukagua maduka. Alilikuta lile boksi. Kuuza bidhaa iliyopitwa na muda, huku muuzaji ameandika kwa mkono wake kuwa anajua. Duka limezungushiwa utepe. Alhamisi chupa zinamwagwa dampo na faili linakwenda mahakamani. Akipatikana na hatia, leseni inaondoka. Mkewe hajala tangu jana. Alinieleza yote hayo kwa utaratibu, kama anayesoma orodha ya bidhaa.

Kisha akauliza kama niliumwa tumbo. Nikasema hapana.

"Basi njoo useme hivyo, mwalimu. Wewe peke yako ndiye uliyeinywa."

Nikasema nitaona. Aliendelea kungoja kwenye simu. Nikakata.

Hii ni kazi yangu. Kanti alikosea kwa kutojua. Mimi nilijua, nikamwacha na boksi lake kwa sababu ya bei.

Jumatatu, 24 Juni

Kanti tena. Mwanawe alipiga picha lebo ya nyuma ili simu iitafsiri. Lebo zimelowa na kuchubuka huko zilikotoka, simu ikatoa maneno ya ajabu, kitu kuhusu punda. Afisa afya amesema hata ingetoa maneno mazuri, simu haiweki sahihi. Anataka mtu. Mtu aisome mbele yake, aandike tafsiri, aweke jina lake, namba ya kitambulisho na mahali alipojifunza lugha hiyo. Mwalimu wa Kifaransa aliyekuwapo sekondari amehamishwa. Kanti amepiga mpaka Tanga.

Hakujua anamwambia nani. Alikuwa analalamika tu, kama mtu anavyolalamikia bei ya sukari.

Jina, namba, mahali. Orodha.

Lebo ile naijua kwa moyo. Mstari wa tano unasema divai hii inaweza kunywewa ikiwa changa, au ikahifadhiwa mahali pa baridi miaka kumi hadi kumi na tano tangu mavuno. Mstari huo mmoja unamtoa Kanti hatiani. Uko ndani ya kamusi yangu, hatua tatu kutoka kitandani.

Jumanne, 25 Juni

Sikutoka. Sikupika.

Niliandika tafsiri kwenye karatasi bila jina, niitume kwa dereva wa gari. Nikaichana. Afisa amesema mtu.

Naweza kusema nilijifunza kwa mapadre wa Kigoma. Walikuwapo. Ni uongo mzuri, umenitumikia vizuri maisha yangu yote ya utu uzima. Lakini karatasi hiyo itakuwa ushahidi wa Kanti. Siku uhamiaji wakigundua mahali ni uongo, tafsiri nayo itaitwa uongo. Nitakuwa nimemzamisha mara mbili.

Wenzangu waliobaki kwenye makambi ya wakimbizi ya magharibi walipewa uraia, wengi kwa pamoja, hadharani. Hata hapa Handeni, wale waliotoka Somalia wakawekwa Chogo, walipewa. Mimi niliondoka kambini mwaka wa pili, nikajiita Muha, nikajiona mjanja. Aliyejificha vizuri hakuonekana hata siku ya kugawa.

Naogopa kurudishwa. Niandike bila mapambo. Sina mtu kule. Sijui nani anaishi kwenye nyumba yetu. Nikifumba macho naona uani, na majina yanasomwa, na yangu yako njiani. Nina miaka sabini na moja na ninaogopa kama wa kumi na tisa.

Jumatano, 26 Juni

Nimepiga pasi shati jeupe. Gari la saa kumi na mbili asubuhi.

Alhamisi, 27 Juni

Ofisi ya afya Korogwe. Chumba kidogo, meza mbili. Afisa ni dada wa Kisambaa, hajafika miaka thelathini. Kaniamkia shikamoo, kanipa kiti. Kanti alikuwa amevaa koti kwenye joto lile. Chupa moja mezani, zingine thelathini kwenye korido, tayari kwa gari la taka.

Nikasema nimekuja kusoma lebo.

Kanti alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akifungua mlango kwa ufunguo.

Nikaishika chupa. Kando yake nikaweka lebo moja nzima niliyoitoa kwenye kamusi. Nikasoma kwa sauti, mistari sita. Sauti ilianza nyembamba, kisha ikapata njia. Nilipofika mwisho nikangoja. Sijui nilingoja nini. Buti, labda. Feni iliendelea kuzunguka. Karani wa meza ya pili akasema kumbe Kifaransa ni mtu mwenye mafua anayeomba msamaha. Wakacheka wote. Nami nikacheka, mgongo wote jasho.

Nikatafsiri. Nikaeleza mwaka wa mavuno. Dada yule ni makini. Akauliza, kama haina siku ya kuisha, mnunuzi atajuaje imeharibika? Swali zuri. Nikamwambia: kizibo kilicholowa chote, rangi ya tope, harufu ya siki. Akataka aone. Nikaifungua kwa kifungulio alichokileta Kanti mwenyewe, kipya, bado kina bei. Akanusa. Akasema inanukia zambarau. Akanusa tena. Akaandika.

Kisha fomu. Jina, niliandika. Namba, niliandika. Mahali. Nikaandika Gitega.

"Gitega ni Kigoma hiyo, babu?"

"Hapana, mwanangu. Ni Burundi. Ndiko nilikozaliwa."

Hakuinua uso. Aliandika polepole, muda mrefu kuliko maneno niliyosema. Kisha akanieleza, kwa upole, kwamba nakala ya fomu hupelekwa ofisi ya mkurugenzi na yeye hana uwezo wa kuizuia. Nikasema najua. Akasema pole. Nikasema asante.

Utepe umetolewa saa nane mchana. Barazani Kanti alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Midomo ilikuwa inatafuta neno. Lililotoka ni hili:

"Sasa mwalimu, bei yake ya haki ni ngapi?"

Nilimwambia ukweli. Ziko thelathini, kila moja ina thamani ya elfu sitini, na mnunuzi atakuwa amepata nafuu. Kabla gari la Handeni halijajaa, boksi jipya lilikuwa limeshaandikwa: DIVAI YA UFARANSA, ILIYOHIFADHIWA. 55,000. Sitaimudu tena. Na sina haki ya kulalamika. Ile elfu tisa ilikuwa bei ya kutojua kwa Kanti, na mimi ndiye niliyekuwa naifaidi.

Kwenye gari sikuogopa mpaka tulipovuka nusu ya njia. Kisha ikaja yote.

Jumapili, 30 Juni

Nimekaa ndani. Nimefungua chupa ya tatu, nikamimina, sikumaliza. Divai ni ileile. Mdomo ndio umekauka.

Habari imefika. Handeni habari haina haja ya gari. Saidi alikuja adhuhuri. Alisimama mlangoni, hakuvua viatu. Nilimkaribisha mara mbili.

"Kwa hiyo miaka arobaini nimemtania mtu ambaye hayupo."

Aliondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa polisi, kwa gari, kwa mpaka. Kwa hili sikuwa nimejiandaa.

Alhamisi, 4 Julai

Mtendaji wa kata kaleta barua ya wito. Uhamiaji, ofisi ya wilaya, Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi. Nifike na kitambulisho changu na shahidi mmoja, mkazi wa mtaa huu, anayenifahamu zaidi ya miaka ishirini.

Kanti kapiga simu, anataka kuja. Nimemwambia yeye si mkazi wa mtaa. Akasema atakuja hivyohivyo akae nje. Nimemkataza. Afungue duka.

Mkazi wa mtaa. Nimetembea mpaka kwenye kona ya nyumba ya Saidi mara mbili leo. Nimerudi mara mbili. Nauogopa uso wake kuliko ofisi.

Nimepanga nguo kwenye begi dogo. Dawa za presha za mwezi mzima. Vitabu vinne, nikatoa viwili. Nimemwonyesha Mama Hadija ufunguo unapokaa. Alilia. Nilimkaripia, kisha nikamwomba radhi.

Jumatano, 10 Julai

Sina shahidi. Nitakwenda hivyohivyo.

Alhamisi, 11 Julai

Nilipofika, Saidi alikuwa ameshakaa kwenye benchi la ofisi. Kanzu, kofia, fimbo. Mama Hadija alimwambia, nadhani. Alisogea nikakaa. Hakunitania. Karani alipita na chai, Saidi akachukua vikombe viwili, kimoja akakiweka upande wangu.

Ofisa ni mtu mzima, mpole kwa namna ya watu waliochoka. Alichukua kitambulisho changu, akakitia kwenye bahasha. Hatakirudisha. Niliandika jina nililobatizwa, lote, na majina ya baba na mama, na mto niliovuka.

Saidi aliweka sahihi. Ofisa akamuuliza ananifahamu kama nani.

"Shemeji," akasema.

Ofisa akaandika hivyo.

Ombi langu litakwenda juu. Linaweza kuchukua mwaka, linaweza kukataliwa. Likikataliwa kuna hatua nyingine, ambayo hakuitaja na sikuiuliza. Hadi hapo niripoti kila Alhamisi, nisitoke wilayani bila kibali. Hata kliniki ya Korogwe niombe ruhusa. Bado naogopa.

Ukurasa wa mwisho wa fomu unauliza kama mwombaji ana nia, ikitokea nafasi, ya kurudi nchi aliyotoka. Kuna mstari mmoja wa kujibu. Ofisa hakunihimiza. Saidi alikuwa anatazama dirishani.

Nikaandika kwamba sitarudi.